Roboti moja, wanafunzi themanini

Wahenga walinena kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii nimeisikia mara si haba ikitajwa na walimu wanaolea vyama vya roboti katika shule zetu, hasa wanapotaka kueleza ni kwa nini wanafunzi themanini walijiandikisha mwanzoni mwa muhula na mwezi mmoja baadaye wakasalia sita. Sina ugomvi na wahenga. Nina ugomvi na wale wanaowasingizia. Methali inataja manahodha, mabaharia haiwataji. Chombo kikubwa chenye nahodha mmoja na mabaharia wawili hakiendi mrama, kwa sababu hata bandarini hakitoki. Hakuna wa kupandisha foromali, hakuna wa kufua maji, na nahodha mwenyewe ameshika usukani huku akitazama pwani ile ile.

Pengine msomaji atauliza mtu wa isimu anatafuta nini katika karakana ya roboti. Mimi si mhandisi, na nikipewa mota na betri sina hakika nitaziunganisha bila ya kuunguza kitu. Hata hivyo, kadiri ninavyozidi kulitazama suala la kuongoza kundi kubwa la vijana wanaounda mtambo mmoja, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kazi ya lugha. Nitalifikia jambo hilo baada ya kitambo.

Suala lenyewe haliwezi kungoja. Mtaala wa umilisi ulianza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019 katika madarasa ya chini, na mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo waliingia Gredi ya 10, yaani mwanzo wa sekondari pevu, ambako mkondo mmoja kati ya mitatu ni ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Hawa ni vijana walioahidiwa tangu utotoni kwamba watajifunza kwa kutenda. Shule ambayo ina bahati ina seti moja ya roboti, au mbili, ilhali darasa lenye wanafunzi zaidi ya hamsini si ajabu tena nchini. Mwalimu anayekabiliwa na hesabu hiyo ana njia mbili: ama apunguze watoto, ama aongeze kazi. Wengi ninaowafahamu huchagua njia ya kwanza.

Siwalaumu sana, maana mashindano yenyewe huwasukuma huko. Kikosi cha World Robot Olympiad huwa na wanafunzi 2 au 3. FIRST LEGO League huruhusu watoto wasiozidi 10, na FIRST Tech Challenge huishia 15. Nasi wenyewe, kwa miaka mingi ya kongamano la sayansi la shule za upili, tumejizoesha picha ya wanafunzi wawili waliovaa sare safi, wamesimama kando ya bango lao na kumsubiri mwamuzi. Si ajabu basi mlezi wa chama akifikiri kuwa sayansi ni jambo la wawili watatu, na kwamba hao wengine ni washangiliaji.

Lakini shirika lilo hilo la FIRST, lililoasisiwa Marekani mwaka wa 1989 na mvumbuzi Dean Kamen, lina mashindano mengine ya vijana wa shule za upili ambayo hayaweki kikomo cha juu cha wanachama. Yalianza mwaka wa 1992 huko New Hampshire kwa vikosi 28. Siku hizi vimepita 3,000. Ni katika mashindano hayo ndipo utakapokuta kikosi kimoja chenye wanafunzi themanini, tisini, hata mia na ushei. Na roboti wanayoipeleka uwanjani ni moja tu.

Hebu msomaji apige hesabu pamoja nami. Roboti hiyo, bila ya betri yake na mito ya kuilinda isigongwe, ina uzito usiozidi kilo 57, na miaka mingine hupungua hadi 52. Mzunguko wa fremu yake ni kama mita 3. Mtoto aliyeinama na bisibisi mkononi anahitaji nafasi ya nusu mita. Kwa hiyo wanaoweza kuizunguka roboti kwa wakati mmoja ni sita. Wakiwa wanapendana sana, saba. Uwanjani huingia watano: waendeshaji na wasaidizi wao, fundi mmoja, na kocha. Mchezo wenyewe ni wa dakika mbili na nusu hivi. Je, hao sabini na tano waliobaki wako wapi?

Swali hilo ndilo zima la uongozi wa kikosi kikubwa. Mengine yote ni matawi yake. Kuna viongozi wanaolijibu kwa kubuni vyeo: huyu katibu, huyu naibu wa katibu, huyu msimamizi wa maji ya kunywa. Mtoto hadanganyiki kwa muda mrefu. Anajua upesi ikiwa kazi aliyopewa ingeachwa kesho pasiwe na yeyote wa kutambua, na akishajua hivyo huanza kuja siku za mandazi peke yake.

Mwaka wa 2018 nilikuwa katika jimbo la Michigan kwa shughuli za utafiti, nikapata nafasi ya kuzuru mara kadhaa karakana ya shule moja iliyokuwa na kikosi cha aina hiyo. Nilikwenda kusikiliza jinsi vijana wanavyosemezana wakiwa kazini. Kilichonivutia kwanza kilikuwa ukutani, na hakikuwa mchoro wa roboti. Ilikuwa ratiba ya roboti. Ilionyesha, saa kwa saa, roboti ni ya nani.

Maana yake ni hii. Mafundi wa chuma wanataka roboti iwe imefunguliwa, wabadilishe gia, watoboe tundu jingine. Waandishi wa programu wanataka iwe imefungwa, ina umeme, iko sakafuni, ndipo wajue kama amri walizoiandikia zinatekelezwa. Haiwezekani iwe yote mawili. Enzi hizo vikosi vilikuwa na takriban wiki sita tu, tangu mchezo wa mwaka kutangazwa mapema Januari hadi siku ambayo roboti ilitiwa katika mfuko na kufungwa kwa kibandiko chenye namba. Sheria hiyo iliondolewa kuanzia msimu wa 2020. Katika wiki sita mafundi wa chuma walikuwa wakichelewa kwa tano na nusu, na waandishi wa programu wakiachiwa siku tatu za kukesha. Ratiba ile ilikuwa mkataba wa amani. Zaidi ya hayo, fremu ya roboti ya mwaka uliotangulia ilikuwa imehifadhiwa badala ya kuvunjwa, na waandishi wa programu waliitumia kujaribia huku wenzao wakigonga na kukata kwingineko. Kwa kutovunja kitu kizee, kikosi kilikuwa kimejipatia sehemu mbili za kazi badala ya moja.

Huko ndiko kuongeza kazi. Kazi haibuniwi, huvumbuliwa ilipojificha. Na mfano ninaoupenda kuliko yote hauhusiani na bisibisi hata kidogo. Katika mashindano haya roboti sita huingia uwanjani pamoja, tatu dhidi ya tatu, na washirika hubadilishwa kila mchezo. Mwisho wa mechi za mchujo, vikosi vinane vinavyoongoza huchagua wenzao wa kuingia nao fainali. Utamchaguaje mtu usiyemjua? Kwa hiyo kikosi kikubwa huweka watazamaji sita jukwaani, kila mmoja akiwa na roboti yake moja ya kuiangalia: imefunga mara ngapi, imekwama wapi, mwendeshaji wake hufanya nini akibanwa. Katika mashindano ya wilaya huko Michigan, vikosi 40 vikicheza mara 12 kila kimoja, hizo ni mechi 80. Mechi 80 mara roboti 6 ni kumbukumbu 480 katika siku mbili. Hakuna macho yanayoweza kukaza kwa siku mbili mfululizo, hivyo unahitaji zamu mbili au tatu za watu sita sita. Tayari wanafunzi kumi na wanane wana kazi, na kazi hiyo ikifanywa ovyo kikosi kitamchagua mshirika goigoi na kushindwa. Kikosi cha watu sita hakina anasa hiyo. Hapo wingi ni nguvu, tena nguvu ya kweli.

Vivyo hivyo kwa tuzo. Tuzo ya juu kabisa ya mashindano hayo, iliyokuwa ikiitwa Chairman's Award na kupewa jina la Impact Award msimu wa 2023, haiangalii roboti imeshinda mara ngapi. Huangalia kikosi kimefanya nini katika jamii yake, na maombi yake huandikwa na kutetewa na wanafunzi wenyewe mbele ya waamuzi. Waandishi na wasemaji wazuri basi si mapambo.

Sasa nije kwenye lugha.

Nenda Kamukunji, Nairobi, umtazame fundi wa jua kali akifundisha vijana wake wawili kukunja bati. Utasikia: shika hapo, gonga hapa, si hiki, kile. Mafunzo yote yamejengwa juu ya viashiria, na yanafaa kabisa, kwa sababu wote watatu wanakitazama kitu kimoja na mkono wa fundi unaonekana. Kiswahili kimejaliwa katika jambo hili kuliko lugha nyingi: tuna hiki cha karibu, kile cha mbali, na hicho cha kilichokwisha kutajwa. Lakini kiashiria kina masharti. Humfaa tu aliyepo, anayeona, aliyesikia mwanzo wa mazungumzo. Kikosi cha watu watano kinaweza kuishi kwa viashiria mwaka mzima. Kikosi cha watu themanini hakiwezi hata kwa juma moja, maana wakati wowote ule sabini wao hawapo pale penye “hapa”.

Ndiyo sababu katika karakana ile ya Michigan kila sehemu ya roboti ilikuwa na jina moja na namba moja, na kila kisanduku cha skrubu kilikuwa na maandishi. Niliona msichana wa mwaka wa kwanza akikatizwa na kiranja wake, kijana asiyemzidi hata kwa miaka mitatu, kila aliposema “kile kidude”. Hakukatizwa kwa ukali. Aliambiwa tu, taja. Baada ya juma moja alikuwa akitaja, na baada ya majuma matatu yeye ndiye aliyekuwa akiwakatiza wengine. Jambo hili linaonekana dogo. Lakini shule ya upili huko ni ya miaka minne, maana yake robo ya kikosi huondoka kila mwaka na kwenda na ujuzi wake. Ujuzi uliokaa katika “hapa” na “pale” huondoka na mwenyewe. Ujuzi uliotajwa unaweza kuandikwa, na ulioandikwa hupokewa na mtoto ambaye bado yuko shule ya msingi.

Katika vyama vyetu hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa lugha ya karakana imegawika. Maelezo ya seti yameandikwa kwa Kiingereza. Mwalimu hufafanua kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili. Vijana husaidiana kwa Sheng, na katika Sheng takribani kila kitu ni “hiyo kitu”. Matokeo yake ni kwamba wale watatu au wanne waliokulia katika nyumba zenye kompyuta ndio wenye msamiati, na kwa hiyo ndio wenye roboti. Wengine hawakuchujwa na mwalimu. Walichujwa na istilahi. Sisemi kila kitu kitafsiriwe kwa Kiswahili sanifu, ingawa ningefurahi. Mota ni mota, betri ni betri, gia ni gia, na hakuna mtoto wa Kenya asiyeyajua maneno hayo. Ninachosema ni kwamba juma la kwanza la chama litumiwe kupatana majina: mkono wa kunyakua tutauita nani, kitambuzi cha mwanga tutakiita nani, na tukishaita tumeita. Kwaya za shule zetu hufanya hivyo bila ya kufundishwa na mgeni. Kiongozi wa kwaya ya wanafunzi hamsini haiti kila mmoja kwa jina. Anazo sauti nne, kila sauti ina kiranja wake, na akisema “wa tatu, rudieni kuanzia mstari wa pili”, kila mtu anajua nani anaambiwa na nini. Tuna uzoefu wa vikosi vikubwa, na wa miaka mingi, ila hatujafikiri kuuvusha kutoka ukumbi wa muziki hadi maabara. Nakiri kwamba mfano huu una mpaka wake: wanakwaya wote huimba kwa pamoja, na roboti haishikwi na wote kwa pamoja.

Kuna jambo moja katika vikosi vikubwa ambalo sikulipenda, na ambalo naona litatuumiza zaidi sisi tusipojihadhari. Ukigawa kazi nyingi kwa vijana wengi na kuwaacha wachague siku ya kwanza, watachagua kile wanachofikiri kimewekewa watu kama wao. Wavulana wataelekea kwenye msumeno. Wasichana watapewa kamera, au daftari, kwa hoja kwamba wana mwandiko mzuri. Mwisho wa mwaka kikosi kitapiga picha yenye wasichana arobaini, na msomaji wa gazeti atafurahi, asijue kwamba ni watatu tu waliowahi kushika keekee. Dawa ni kuwazungusha wote katika kazi zote kabla ya kuwauliza wanataka nini. Lakini anayezungushwa daima hapati umahiri wa lolote. Rai yangu ni kwamba muhula wa kwanza wazungushwe kwa lazima, kila mmoja atoboe, auze wazo, aandike mistari kumi ya programu, aunganishe nyaya. Muhula wa pili kila mmoja ajikite mahali pake na asihamehame. Mtoto akichagua kamera baada ya kujua msumeno, hiyo ni hiari yake.

Watasema gharama. Ni kweli. Kuandikisha kikosi kimoja katika mashindano yale ya Marekani ni zaidi ya dola 5,000 kabla ya kununua hata bolti moja, na hiyo ni sababu mojawapo ya shule za huko kuwa na kikosi kimoja kikubwa badala ya viwili vidogo. Sipendekezi tuige mashindano yao. Bodi ndogo za kufundishia, kama zile za Arduino zilizobuniwa Italia mwaka wa 2005, hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya seti nzima, na ukiwa nazo tano na mota za vitu vya kuchezea vilivyoharibika, una meza tano ambako programu inaweza kujaribiwa huku roboti halisi ikiwa mikononi mwa mafundi. Ile seti moja ya shule ibaki kwa ajili ya mashindano, lakini isiwe ndiyo chama kizima.

Watasema pia kuwa katika umati wavivu hujificha. Hilo nalo ni kweli, na mahudhurio hayalitibu, kwa sababu mvivu stadi huhudhuria. Karakana ile ya Michigan haikujali sana nani amekuja. Ilikuwa na orodha ya majina upande mmoja na vifaa upande wa juu, na penye makutano palitiwa sahihi na tarehe siku mwanafunzi alipokitumia kifaa mbele ya mkubwa wake, kwa usalama, bila ya kusaidiwa. Jina lenye nafasi tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho lilionekana kutoka mlangoni, na kiranja wa kundi hilo ndiye aliyeulizwa kwanza, kabla ya mwenye jina. Kwetu daftari la mistari la kurasa mia mbili linatosha. Kurasa mbili zinazotazamana kwa kila kundi la wanafunzi kumi. Upande wa kushoto majina, na juu: bisibisi, msumeno, keekee, kuunganisha nyaya, kupima betri, kuandika programu, kuirekebisha programu ya mwenzake, kutazama na kunukuu mchezo, kumfundisha mgeni. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ambayo ningeanza kuisoma kila Ijumaa.